Mkate wa Wishwa: Namna Fasihi ya Kiafrika Inavyobeba Utamaduni na Utambulisho

Katika visa vya Fumo Liyongo, vinavyosimuliwa kuanzia Kipini na Ozi hadi visiwa vya Lamu, kimo kisa cha mkate ambacho watoto wa huku hukishika kabla hawajamjua vizuri Liyongo mwenyewe. Shujaa yumo gerezani, amefungwa pingu na minyororo, na mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Walinzi hula kilicho kizuri, wakamwachia mfungwa kilichobaki. Hapo Liyongo anamtuma Saada kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na katikati yake atie tupa. Chakula kizuri kinaishia vinywani mwa walinzi kama kawaida, na mkate wa wishwa wanauacha upite, kwa kuwa hakuna mlinzi mwenye heshima zake atakayegombania wishwa. Kisha Liyongo anaomba achezewe gungu, na mji unapokusanyika kwa ngoma, pembe na matuazi, yeye anakereza minyororo yake chini ya kelele hizo.

Ninaanza na mkate huo kwa sababu unajibu, kuliko maelezo mengi ninayoyasoma, swali la namna fasihi ya Kiafrika inavyoeleza utamaduni na utambulisho. Tunapoulizwa swali hilo huwa tunajibu kwa orodha: riwaya fulani ina arusi, nyingine ina matanga, nyingine imejaa methali na majina ya vyakula. Orodha hiyo si ya uongo, lakini haitufikishi mbali, maana hata kitabu cha kuwaongoza watalii kina arusi na majina ya vyakula. Katika kisa cha Liyongo wishwa haikutiwa ili tujue watu wa kale walikula nini. Kisa chote kimesimama juu ya dharau ya walinzi, na dharau hiyo haifafanuliwi mahali popote, kwa kuwa msimulizi anamchukulia msikilizaji wake kuwa ni mtu anayejua tayari nani hula nini, na chakula hicho kinamweka wapi mbele ya watu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kutazama. Utambulisho wa kazi ya fasihi huonekana zaidi katika yale ambayo mtunzi hakuyafafanua kuliko katika yale aliyoyafafanua. Kila matini hujichagulia msikilizaji, na ukitaka kujua ni ya nani, uliza ni nani asiyehitaji kuambiwa.

Mfano mwingine umo katika Utendi wa Liyongo, shairi refu linalosimulia visa hivyohivyo. Maadui wa Liyongo wanapanga kumuua kwa hila ya kikoa. Wanakula makoma kwa zamu, kila mtu siku yake akipanda mkoma kuwaangushia wenzake, na wanangoja zamu ya Liyongo wamfume akiwa juu ya mti. Yeye anaziangusha koma kwa mishale akiwa amesimama chini. Anayejua kikoa ni nini, yaani ule mpango wa watu kulishana kwa zamu ambao haukosi ndani yake kuaminiana, anasikia katika beti hizo usaliti mkubwa zaidi ya jaribio la mauaji. Asiyejua anasikia habari ya matunda.

Upande wa Malindi jambo hilohilo lilitokea nje ya kitabu. Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama mwaka 1913 kuupinga utawala wa Waingereza, alikwenda kijiji hadi kijiji akicheza kifudu. Mgeni angeona wanawake wanacheza. Mwenyeji alijua kwamba kifudu ni ngoma ya mazishi, na ngoma ya mazishi ikichezwa mahali ambapo hakuna maiti, basi pana msiba wa namna nyingine.

Nirudi kwenye maandishi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Alikuwa mgonjwa, na miaka michache baadaye alifariki. Maneno ya kwanza anayomwambia mtoto ni “negema wangu binti”, yaani jongea, njoo karibu nami, kisha anamwagiza ashike wino na vifaa vya kuandikia. Tunaujua utendi huo kwa mafunzo yake juu ya dini, adabu na namna ya kukaa na mume, na wahakiki wamegawanyika: kuna wanaouona kuwa hati ya kumtiisha mwanamke, na kuna wanaosema kwamba ndani yake mwanamke mwerevu anamfundisha mwenziwe kuishi salama katika nyumba asiyoitawala. Mimi naona pande zote mbili zimekimbilia mafunzo zikaruka lile neno la kwanza. Mwana Kupona hasemi na “mwanamke wa Kiswahili”. Anasema na mtoto mmoja, aliye karibu kiasi cha kuambiwa asogee, na anazungumza juu ya nyumba ambayo wote wawili wanaijua mlango kwa mlango. Kwamba utendi ulitoka katika chumba hicho ukaenea, ukawa wa kufundishia mabinti wa pwani nzima na mwishowe ukawa wa kutahiniwa, ni historia ya wasikilizaji wapya kujiongeza kwenye kikao ambacho awali kilikuwa cha watu wawili. Kila aliyejiongeza amekuja na mashaka yake mwenyewe kuhusu nani ni mwanamke mwema.

Kazi ambayo mtu wa Lamu hawezi kuikwepa katika mada hii ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anauasa moyo wake usidanganyike na dunia, na kwa ushahidi anauonyesha mji wa Pate uliokuwa na fahari na sasa umeanguka. Mawaidha ya namna hiyo yako katika lugha nyingi, na kama shairi lingeishia katika kusema kwamba dunia ni ya kupita, lingeweza kutungwa mahali popote penye Waislamu. Linalolifanya liwe la hapa ni nyumba. Mshairi anaingia ndani ya majumba ya matajiri, yaliyowaka kwa taa za vioo na za sufuri hata usiku ukawa kama mchana, na anayaonyesha yalivyo sasa: popo wananing’inia juu, bundi analia katikati ya nyumba, na vile vidaka vilivyopangwa sahani vimekuwa viota ambamo makinda ya ndege yamelala.

Kidaka kinastahili kusimamiwa kidogo. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukuta wa chumba cha ndani hupambwa kwa safu za vidaka vilivyochongwa katika chokaa, na humo viliwekwa vyombo vya kauri vilivyovuka bahari kutoka mbali. Kwa hiyo sahani ndani ya kidaka ilikuwa ni biashara, nasaba na uungwana vilivyowekwa mahali pamoja ili mgeni avione akiingia. Mshairi anapolaza makinda ya ndege mahali pa sahani, hana haja ya kuongeza kwamba ukoo umekatika na majahazi hayaji tena. Msomaji aliyekua akitazama ukuta wa namna hiyo ameshaelewa, tena ameelewa kwa uchungu, kwa sababu kidaka anachokifikiria ni cha nyumbani kwao.

Lakini msikilizaji anayedhaniwa ana upande wake wa giza, na mimi nisingependa tuusifu uungwana huo kana kwamba ulijijenga wenyewe. Zile taa kuna aliyezitia mafuta. Al-Inkishafi inawalilia wenye nyumba; walioibeba nyumba hiyo mabegani wanapita kama kivuli. Na katika kisa tulichoanza nacho, mtu aliyehatarisha shingo yake ni Saada, aliyetoka na wimbo gerezani na kurudi na tupa ndani ya mkate. Utendi umelihifadhi jina lake, lakini wimbo aliobeba ulikuwa wa bwana. Fasihi inapojenga “sisi” huamua pia nani asiingie barazani, na kwa pwani yetu uamuzi huo uliwagusa watumwa, wajakazi na watu wa bara kabla ya kumgusa Mzungu yeyote. Wapokomo, ambao nao wana masimulizi yao juu ya Liyongo, wanamkumbuka pia kama mtawala aliyewatoza. Shujaa ni yuleyule, ila aliyeketi kusikiliza ni mwingine.

Hapo tunagusana na fundo la pili, la usafi wa asili. Kuna wanaodhani kwamba kadiri kazi inavyokuwa na athari ya nje ndivyo inavyopungukiwa na Uafrika, na kwa kipimo hicho ushairi wa Lamu na Pate uko mashakani tangu mwanzo wake. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728 kwa matakwa ya mtawala wa mji, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Hauna mnazi hata mmoja wa Pate. Hata hivyo ukiusikiliza ukighaniwa, unajua mara moja uko wapi. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya mwanzo vinashikana kwa kina chao, na cha nne kinarudi kwenye kina kimoja kinachofunga utendi mzima, kama wimbi linalopiga palepale. Utungo umezoeshwa lugha ya Kibantu, ambayo silabi zake huishia kwa vokali na kuufanya urari wa vina uwe mwepesi kama kupumua. Habari ilitoka Uarabuni, lakini sikio lililoipokea lilikuwa la hapa.

Na hata hati ilipokea mazoea ya hapa. Miswada ya zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikushonwa kwa mwili wa Kiswahili: zina alama tatu tu za vokali, hivyo “e” na “i” huchangia moja, “o” na “u” huchangia nyingine, na mara nyingi “mb” na “nd” huandikwa bila ile sauti ya puani. Maana yake ni kwamba neno limeandikwa nusu na nusu nyingine imo kichwani mwa msomaji. Huwezi kujifunza Kiswahili kutoka katika mswada wa namna hiyo. Sharti uje nacho. Sijui mfano ulio bora zaidi wa matini inayomchagua msomaji wake kabla hata ya maana kufika.

Jambo hilo halikumzuia Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa khati na mchongaji wa mbao, kuwanakilia miswada mingi wataalamu wa Ulaya. Utendi wa Liyongo tunaousoma leo ni wa kalamu yake, mwaka 1913, na sehemu kubwa ya miswada ya aina hiyo imehifadhiwa London. Nalitaja kwa sababu tunapenda kufikiri kwamba zamani mtunzi aliwaandikia watu wake peke yao, na uchafu wa kumwandikia mgeni ulikuja na riwaya za Kiingereza. Mambo hayakuwa safi hivyo.

Mjadala wa lugha wenyewe unajulikana, nitaupita kwa haraka. Mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye alifariki mwaka huohuo akiwa ameacha tenzi, riwaya na insha za kutosha kujaza rafu, hakuwa na sifa ya kualikwa kwa kuwa aliandika Kiswahili. Chinua Achebe akasimama upande wa kukitumia Kiingereza na kukilazimisha kibebe mzigo wa Kiafrika; Ngũgĩ wa Thiong’o, baada ya kufungwa kwa sababu ya mchezo wa kuigiza wa Kigikuyu ulioonyeshwa Kamiriithu mwaka 1977, akageukia lugha ya mama yake kwa riwaya zake. Tumezoea kuuona huu kuwa ugomvi wa uzalendo. Ukiutazama kwa jicho la mkate wa wishwa, ni ugomvi kuhusu nani ana haki ya kutofafanuliwa.

Tafsiri hulionyesha hilo vizuri kuliko nadharia. Riwaya ya Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ilipewa jina lililotoka katika shairi la W. B. Yeats wa Ireland, kana kwamba mwandishi anamwambia msomaji wa Kiingereza: nami nimesoma vitabu vyako, sasa keti unisikilize. Clement Ndulute alipoitafsiri mwaka 1973, iliitwa Shujaa Okonkwo. Yeats ametoweka, na hakuna msomaji wa Kiswahili aliyepungukiwa na kitu kwa kutoweka kwake. Badala yake limeingia neno “shujaa”, ambalo kwetu huja na Liyongo nyuma yake: mtu mwenye nguvu kupita kiasi, anayeangushwa na walio karibu naye. Okonkwo, Mwigbo wa Umuofia, kwa neno hilo moja ameingizwa katika ukoo wa mashujaa wa pwani. Kuna waliolalamika kwamba jina hilo linamtukuza mtu ambaye kitabu kinamtilia shaka. Wana haki, lakini Liyongo naye si mtu wa kusifiwa bila kusita.

Kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, safari ni ya kurudi. Katika Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, na neno linalotaja hali yake limeachwa kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza: rehani. Msomaji wa Kiingereza analazimika kuelezwa, na mwandishi anamweleza. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi, iliyotoka mwaka 2022, neno hilo lilirudi kwa watu ambao wamewahi kuweka rehani dhahabu ya mama au hati ya shamba, na wanajua bila kufundishwa kwamba kinachowekwa rehani mara nyingi hakikombolewi. Na jina la Yusuf, kijana mzuri wa sura aliyetengwa na nyumbani kwao na kuingizwa katika nyumba ya mtu mkubwa, msomaji wa Lamu halisikii bila kuisikia sura ya Qurani iliyobeba jina hilo.

Ila tusijipongeze mapema, kwani Kiswahili chenyewe kina watu wake wa ndani na wa nje. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo uliiwezesha lugha kusomeshwa kutoka pwani hadi maziwani, na sina ugomvi na faida zake. Lakini lahaja ya Kiamu, iliyokuwa lugha ya Mwana Kupona na ya Al-Inkishafi, ikawa tangu hapo lugha ya tanbihi. Mtoto wa Lamu anayesema nyumbani “ndia”, “nti”, “mato” na “ndoo” anafika shuleni akakuta maneno hayohayo yamepangwa chini ya ukurasa na kufasiriwa kuwa njia, nchi, macho na njoo, kana kwamba ni mabaki ya watu waliokwisha. Hata jina la utanzu limegawanyika: yeye anasema utendi, kitabu kinasema utenzi.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mwanaleksikografia wa Lamu ambaye ndiye tunayemshukuru kwa neno “runinga”, aliliona tatizo hilo mapema, na dawa aliyoitoa inaitikisa hoja yangu mwenyewe. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979 na ambayo jina lake linalikumbuka jina la kale la kisiwa hiki, alitunga utendi unaoeleza chombo cha baharini kinavyoundwa, kipande kwa kipande, kila ubao na jina lake. Nabhany anafafanua tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kipimo nilichokitumia tangu nilipoanza, angekuwa anamwandikia mgeni, na kwa namna fulani ndivyo ilivyo, isipokuwa mgeni huyo ni mjukuu wake, aliyezaliwa wakati boti za injini zimeshashika njia na majina ya mbao yamebaki kwa mafundi wa Matondoni na wachache wengine.

Miaka kadhaa iliyopita nilisomesha Al-Inkishafi katika darasa la wanafunzi waliotoka kisiwani na wengine waliotoka Mpeketoni, ambako wengi ni watoto wa familia zilizohamia kutoka bara. Tulipofika kwenye ubeti wa vidaka, msichana mmoja wa Mpeketoni aliuliza kidaka ni nini. Nikawaachia waamu wajibu. Wa kwanza alikaa kimya; wanaishi nyumba ya matofali huko Langoni, na kuta zake ni laini kama za darasa lile. Mwingine alifikiri kidogo akasema ni yale matundu ya ukutani kwa bibi yake, pale anapoweka dawa zake za presha na chaja ya simu. Yule msichana akauliza sahani zilikwenda wapi. Mvulana akasema bibi yake aliziuza zamani, na yeye hakuwahi kuziona.